Punje Sita Kwenye Kitambaa cha Mama

Mama,

Hukupenda salamu ndefu kwenye karatasi. Ulisema zinamaliza wino kabla ya habari. Basi nianze na habari yenyewe: sheria imepita.

Ile sheria ya mbegu zetu ambayo Daktari Mwende, mkuu wangu, alikuwa akituambia kila mwaka kwamba iko karibu, mpaka siku moja ukamuuliza kama inakuja kwa miguu. Imesomwa, imejadiliwa, imewekwa sahihi. Usifikiri mbegu iko dukani Kitengela, hapana. Bado. Lakini sasa kuna njia inayojulikana. Kuna mahali pa kupeleka maombi na kuna watu wa kuuliza maswali na kuna hatua za kufuata mpaka mbegu imfikie mkulima. Daktari alipotuambia kazini, watu walipiga makofi. Mimi nilienda nje nikasimama nyuma ya tangi la maji, kwa sababu nilitaka kukupigia simu, na mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni kabla sijakumbuka.

Ndiyo maana ninaandika.

Unakumbuka tulipohamia Kitengela? Nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa amepata kazi ya karani wa stoo kwenye kiwanda cha simiti huko Athi River, tukatoka Bungoma na magunia matatu na kuku mmoja aliyekufa njiani. Wewe uliyezaliwa na kuolewa kwenye mahindi yanayomfunika mtu mzima ulisimama mlangoni pa vile vyumba viwili ukatazama ule uwanda, upepo unavuma, udongo mweusi umepasuka, punda milia wanatembea nyuma ya nyumba za watu kama mbuzi wa jirani. Ukauliza, "Hapa watu wanakula nini?"

"Nyama," Baba akajibu.

"Na ugali?"

Wiki mbili hazikuisha, ukawa umeenda kwa Mama Naserian, mwenye lile boma lililokuwa nyuma ya kanisa, kumwomba akukodishie ekari moja. Alikusalimu "Takwenya," na wewe, hujui hata neno moja la Kimaasai, ukajibu "Takwenya" vilevile. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Akakufundisha kwamba unajibu "Iko." Ukampenda kuanzia siku hiyo. Alikukodishia ile ekari, na akasema mabua yote baada ya mavuno yawe ya ng'ombe wake.

Mwaka ule mvua ilikuja vizuri, mahindi yakaota vizuri, na sisi sote tukajiona wajanja. Halafu asubuhi moja uliniita shambani. Majani yalikuwa na vitundu vimepangana mstari kama vilivyotobolewa kwa sindano. Ulishika mche mmoja, ukaupasua kwa kucha, na ndani ya shina alikuwa amelala funza mnene, mweupe mweupe, amezungukwa na uchafu kama unga wa mbao. Ulipasua wa pili, naye yuko. Wa tatu, wako wawili.

Ulisema, "Huyu amenifuata kutoka Bungoma."

Ulijaribu majivu. Ulijaribu mchanga, ukiuangusha kwenye moyo wa kila mche kwa vidole. Ulijaribu pilipili iliyosagwa ikakuingia machoni. Mwishowe ukanunua ile dawa ya unga, na kwa sababu hakukuwa na glavu ulikuwa unaishika kwa vidole vitupu, kila Jumamosi, mche mmoja mmoja, ekari nzima. Jumamosi zako zote za mvua ziliishia hapo. Jioni ulikuwa ukikohoa. Ngozi ya vidole vitatu vya mkono wa kulia ilibambuka mpaka ukashindwa kusonga ugali, ukamwachia Baba mwiko. Yeye alisonga ugali wa maji maji, na wewe ukala ukisifu.

Mwaka mzuri funza walikuachia magunia saba. Mwaka mbaya, matatu. Mama Naserian ndiye aliyekuwa hapotezi: mabua yaliyoharibika yalikuwa mengi zaidi.

Sikukwambia haya ulipokuwa hai, lakini ni vile vidole vilivyonipeleka chuo cha kilimo. Wewe ulifikiri ni kwa sababu sikufaulu kwenda kusomea ualimu. Nilifaulu, Mama. Barua ya kuitwa nilikuwa nayo, nikaiweka chini ya godoro. Pole.

Nilipopata kazi kwenye kituo cha utafiti Nairobi ulijua tu kwamba ni kazi ya mahindi. Ulishangaa. "Umesoma miaka yote hiyo uende kulima kwa watu?" Nilikuwa nimepanga chumba Tuala, naja nyumbani mwisho wa wiki, na kila nilipojaribu kukueleza tunachofanya ulikuwa ukisema, "Niambie polepole." Nikakuambia polepole. Kwamba udongoni kuna kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, na kijidudu hicho kina kitu kinachoua funza. Kwamba wataalamu wamechukua ile sehemu moja ndogo ya kijidudu, wakaiingiza kwenye mbegu ya mahindi, ili mahindi yenyewe yajitengenezee ulinzi. Funza akitafuna jani anakufa. Hakuna kupulizia, wala dawa ya unga.

Uliendelea kuchambua sukuma wiki. Halafu ukauliza lile swali ambalo tangu wakati huo nimeulizwa na watu wa kila namna, maprofesa na maaskofu na madereva, na hakuna aliyeliuliza vizuri kukushinda. "Sasa funza akila anakufa. Na mimi nikila?"

Nilianza kukueleza mambo ya tumbo la funza na tumbo la mtu. Mama Naserian alikuwa amekuja kuleta maziwa, akanikata maneno. "Ng'ombe anakula nyasi ananenepa. Wewe kula nyasi wiki moja, tuone. Tumbo si moja." Mama, nimesoma, lakini nikisimama mbele ya wageni mpaka leo ninatumia maneno ya Mama Naserian. Na ninaongeza kwamba si lazima wayaamini tu, kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kupima kabla mtu hajala, na ndiyo sababu tunachukua miaka.

Siku ya wakulima nilikualika mwenyewe. Nilikuwa na fahari. Ulivaa lile gauni la maua na kitambaa cha kichwa cha bluu, ukapewa koti jeupe kama wengine, ukatia sahihi kwenye kitabu cha mlangoni kwa herufi kubwa: SELINA. Tuliwapitisha ndani ya ile nyumba ya vioo. Mistari miwili, mahindi ya umri mmoja, udongo mmoja, na funza waliwekwa kwenye yote kwa idadi sawa. Mstari wa kwanza ulikuwa ni ule ulioujua: vitundu, majani yamechanika, shina limekatika. Mstari wa pili majani yalikuwa mazima. Mazima kabisa, Mama, ya kijani kibichi, kama hayajawahi kusikia habari ya funza.

Wenzako waliongea wote kwa pamoja. Wewe ulisimama pale mpaka nikaja kukushika kiwiko, nikaona unalia bila sauti. Nilidhani ni furaha. Sasa najua ilikuwa ni hasira.

Mwisho wa ziara kulikuwa na meza, na kwenye meza trei mbili za punje kavu, moja ya mahindi ya kawaida na moja ya yetu, ili wakulima waone kwamba hazina tofauti kwa macho. Kila trei ilikuwa na punje hamsini. Mbegu zetu haziruhusiwi kutoka, hata moja; mavuno yote huchomwa, na kila punje ina hesabu yake kwenye daftari. Mwenye kutunza daftari hilo nilikuwa mimi.

Mlipoondoka nilihesabu. Trei ya mbegu yetu, arobaini na nne. Nikahesabu tena. Tulipiga magoti, mimi na Daktari Mwende, tukatafuta chini ya meza mpaka saa kumi na moja. Daktari alisema, kwa upole, na upole wake uliniogopesha kuliko kelele, "Nekesa, hii lazima niiripoti. Na aliyekuwa na daftari ndiye ataulizwa kwanza."

Nikiwa njiani kwenda Tuala nilikumbuka kitu kidogo. Pale mezani ulikuwa umefungua kitambaa chako cha kichwa ukakifunga upya. Na hakukuwa na upepo ndani ya vioo.

Jumamosi asubuhi nilifika Kitengela bila hata chai. Baba akasema uko shamba. Nilikimbia, Mama, na viatu vyangu vya ofisi kwenye ule udongo, kimoja kikabaki nyuma. Nilikukuta kwenye ile kona ya ndani, mbali na njia, umechuchumaa, jembe kando, na mashimo matano yamepangana vizuri.

"Mama, usipande!"

Ulinitazama tu. Kitambaa kilikuwa mapajani, kimefunguliwa.

Sijawahi kukupigia kelele kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nilisema mambo mengi. Kwamba nitafukuzwa. Kwamba ninaweza kushtakiwa. Kwamba kuna watu wanaotafuta kosa moja tu ili kazi hii yote ifungwe, na kosa hilo limetoka kwa mama yangu mwenyewe. Ukaniacha nimalize. Halafu ukasema, na sauti yako haikuwa ya kujitetea, "Nekesa, miaka kumi funza anakula jasho yangu. Na wewe uko na dawa yake, umeifungia kwa glasi, na ukishavuna unachoma. Niambie polepole ni kwa nini."

Nilikaa chini kwenye udongo kando yako. Nikakuambia kwamba hatujui bado kila kitu. Kwamba kuna funza mmoja, yule wa nyanda za juu, ambaye mahindi yetu hayamuui vizuri, anakula na kuendelea, na tukiitoa mbegu leo mkulima wa kwetu Bungoma ataipanda kwa imani, na huyo funza ataimaliza, na hakuna mtu atakayetuamini tena hata siku tutakapokuwa na mbegu iliyo sawa. Kwamba tunachoma kwa sababu tumeahidi kuchoma, na ahadi hiyo ndiyo itakayoifungua milango.

Ng'ombe wa Mama Naserian walikuwa wakipita, kengele zinalia. Ukafunga kitambaa mafundo mawili. "Haya. Twende kwa huyo daktari wako."

"Leo?"

"Unataka nizipande kwanza?"

Daktari Mwende alikuwa kazini, kwa maana hata Jumamosi yeye hufanya kazi. Uliingia ofisini kwake na gambuti zenye matope, ukakataa kiti, ukaweka kitambaa juu ya karatasi zake. "Mtoto wangu hakuiba. Ni mimi Selina. Hizi hapa, tano."

"Zilipotea sita, Mama," Daktari akasema.

"Ya sita niliila."

Nilitamani sakafu ipasuke. Daktari aliweka kalamu chini. "Uliila?"

"Nilichoma kwa jiko. Sipandi kitu sijaonja."

"Na ilikuwaje?"

Ulifikiri kidogo, kwa haki, kama mtu anayeulizwa mahakamani. "Ni mahindi tu."

Daktari alijaribu kukaza uso. Alijaribu kweli. Halafu alicheka mpaka akavua miwani, na mimi, nikiwa na kiatu kimoja chenye matope na kingine safi cha kuazima kwa Baba, nikaanza kulia. Alipotulia alisema kosa la kwanza lilikuwa lake, kwamba punje zile hazikupaswa kuwekwa mezani, na kwamba ataandika hivyo. Na aliandika. Mimi nilinyang'anywa daftari miezi mitatu, nikapelekwa kuosha vyungu vya miche. Ilikuwa haki. Niliosha vyungu nikiimba.

Lakini kabla hujatoka ulifanya lile jambo lingine. Ulinyoosha mkono wa kulia juu ya meza yake, vidole vimefunguka, ile ngozi imekufa na kuota na kufa tena. "Mmehesabu mbegu," ukamwambia. "Mmehesabu funza. Hivi nani amehesabu?"

Daktari aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaukagua upande mmoja na mwingine. Tangu hapo, Mama, kila siku ya wakulima, wageni ndio wanaoanza. Kabla hatujasema neno juu ya mahindi yetu, wao wanatuambia juu ya yao: wanapoteza nini, wanapulizia nini, na miili yao inasema nini. Daktari anaandika yote. Na wewe ulikuja zote zilizofuata, umekaa mbele, mikono mapajani, kitambaa kimefungwa kwa pini ili watu waone.

Nasikia pia ulichowafanyia kule kanisani, kwenye umoja wa akina mama, yule mama mgeni aliposema hizi ni mbegu za shetani. Hukuwahi kuniambia. Mama Naserian ndiye aliyeniambia kwenye matanga. Eti ulisimama ukasema, "Shetani ninamjua, alikaa kwa shina langu miaka kumi, na hakuwa ameletwa na daktari." Halafu ukakaa, ukaendelea kufuma.

Sasa habari za nyumbani. Ile ekari imeisha. Wana wa Mama Naserian wameuza, na pale kona ya ndani kuna nyumba za kupangisha za ghorofa mbili, nguo za watu zinapepea. Sikuumia kama nilivyodhani. Yeye mwenyewe yuko, macho yamepungua, lakini akisikia sauti yangu anasema "Takwenya, Mama Mahindi," nami ninaitikia sawasawa.

Baba amehamia Kimuka kwenye ile robo ekari mliyoinunua kabla hujaugua. Tulipokurudisha kutoka kukuzika Bungoma, nimesema vibaya, tuliporudi sisi, alikaa miezi bila kugusa jembe. Nilihama Tuala nikaja kukaa naye. Mvua zilizopita alipanda mahindi, ya kawaida, ya dukani. Nilimnunulia glavu. Anazivaa, analalamika, anazivaa.

Na mwezi huu tulipata mgeni kutoka Afrika Kusini, mkulima mdogo, mama wa makamo kama wewe, na mnene kama wewe. Kwao mbegu kama yetu inauzwa, yeye amepanda misimu kadhaa. Watu walimuuliza magunia, akajibu kwamba yameongezeka, si kila mwaka sawa, ila yameongezeka, na mahindi hayana ukungu mwingi kama zamani kwa sababu hayana matundu. Halafu mimi nikamuuliza ni kitu gani hasa kimebadilika kwake. Mkalimani aliuliza mara mbili. Alicheka akasema, "Jumamosi." Kwamba siku aliyokuwa akipuliza dawa sasa anaimba kwenye kwaya.

Nilitoka tena kwenda nyuma ya lile tangi.

Wiki iliyopita Baba aliniambia, bila kunitazama, kwamba angetaka kuona. Unamjua. Miaka yote hii hakuwahi kukanyaga kituoni. Alisema mahindi ya kwenye chupa ni mambo yako na mama yako. Nilimwandikisha. Alivaa koti jeupe juu ya suti yake ya kanisa. Alisimama mbele ya ile mistari miwili kwa muda, akavua kofia akaishika kifuani, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu. Kisha akaniuliza, "Hii ndiyo alikuwa anasema?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kumbe alikuwa anasema kweli," akasema. Na akabaki pale. Kengele ya kutoka ilipolia nilimwacha kidogo.

Mama, yule funza wa nyanda za juu bado hajashindwa kabisa. Ninakuambia kwa sababu ulinifundisha kusema polepole na kusema yote. Tunaendelea naye. Sitamwambia mkulima yeyote kwamba amekwisha kabla hajakwisha, hata nikibembelezwa. Hiyo ni ahadi ya kwanza. Ya pili: siku mbegu itakaporuhusiwa kutoka kwa mlango wa mbele, na karatasi zake, nitaipanda hapa Kimuka, na debe la kwanza litasafiri mpaka Bungoma. Litasagwa huko, na waliokuzika watakula ugali, mgumu, wa kusimamisha mwiko. Nitasonga mimi.

Sina uchungu leo. Nilidhani ningekuwa nao nikifika hapa. Jua la jioni limeshika milima ya Ngong, Baba ameshaita chai mara mbili, na ya tatu atakuja mwenyewe na kikombe, ataimwaga njiani.

Pumzika, Mama Selina. Wacha niende nimpokee.

Wako,
Nekesa